Eti mashine ya kufua inatoa JASHO! Yule fundi sasa amezidi

Wosha_ya_Raba (mwenye uzi)

Wadau, nimekaa kwenye ngazi kwa sababu nikirudi ndani nitavunja kitu. Ametoka sasa hivi, hata geti hajafika. Nyote mnamjua. Yule wa begi la zipu mbovu na spana moja. Yule ambaye tangazo lake limegandishwa kwenye kila mlingoti wa stima kutoka Roysambu mpaka Pipeline: FUNDI MASHINE, FRIJI, DISHI, KUNGUNI. Simtaji jina, hamna haja.

Mashine ni ya mlango wa mbele, kilo 7, na chini yake kuna dimbwi. Bwana mkubwa akachuchumaa, akachovya kidole, akanusa. AKANUSA. Akainuka polepole kama daktari mwenye habari mbaya, akasema: "Bosi, hii haivuji. Hii inatoa jasho."

Jasho! Mashine! Kwani ilikuwa imepandisha mtungi wa gesi ghorofa ya tano?

Swali la kwanza kwa mashine inayomwaga maji ni WAKATI GANI, si HARUFU GANI. Ikimwaga wakati inajaza, shuku paipu za nyuma, valvu ya kuingizia maji, au droo ya sabuni. Ikimwaga wakati inafua, shuku raba ya mlango. Ikimwaga wakati inatoa maji machafu, ni pampu, kifuniko cha chujio au paipu ya kutolea. Ikimwaga ikikamua tu, ni sili ya ngoma (raba inayozuia maji yasifike kwenye beringi) au klipu ya ndani iliyolegea. Na kama inaingiza maji hata ikiwa imezimwa, valvu haifungi. Hayo yote unayajua kwa kuwasha mzunguko mfupi bila nguo na kuchungulia na tochi, kabla hujagusa skurubu hata moja. Yeye alitumia pua.

Halafu akatoa tyubu ya silikoni, ile ya kuzibia sinki, akaizungusha kwenye raba yote ya mlango kama anapamba keki ya harusi. Silikoni haishiki kwenye raba yenye unyevu na utelezi wa sabuni. Na hata ikishika, kazi ya raba ile ni kucheza: ngoma ikikamua mizunguko 1,000 kwa dakika inayumba, na raba inajikunja nayo. Kilichokauka juu yake kinabanduka vipande vipande, na vipande vinakwenda kwenye pampu. Kwa hivyo nina uvujaji uleule wa jana, na kesho pampu itaziba. Shilingi 3,500. Na nauli. Kwa sababu ya JASHO.

Mzee_wa_Spana

Pole. Swali moja tu: akipaka hiyo silikoni, wewe ulikuwa wapi? Sema ukweli. Ulimshikia tochi.

Wosha_ya_Raba

Nilishika tochi. Hiyo si hoja. Hoja ni jasho.

MamaFua_Milele

Mama fua havuji. Anakuja na mikono yake miwili, anaondoka nayo. Endeleeni.

Mzee_wa_Spana

Wacha nisaidie huyu mshika tochi. Chomoa plagi, funga mfereji wa mashine, kausha kila mahali. Tandika gazeti kavu chini yote, kutoka mbele mpaka nyuma. Funga kipande cha tishu kwenye kila maungio: nati za paipu nyuma, mdomo wa paipu ya kutolea maji, kifuniko cha chujio. Sasa rudisha maji na stima, uwashe. Tishu italowa kabla jicho halijaona tone. Na usidanganywe na mahali dimbwi lilipo, maji hushuka na kukimbilia upande ulioinama. Tafuta mahali pa JUU KABISA palipolowa. Hapo ndipo chanzo.

Ukigusa chochote ndani ya boksi, plagi iwe mkononi mwako, si kwenye soketi. Hiyo ni volti 240 na wewe umesimama kwenye maji.

GhorofaYaPili_Upande_B

Kumbe hiyo alama ya kahawia kwenye dari ya watu ni jasho lako? Nitamwambia keateka alete taulo.

Daktari_wa_Pampu

Tusimwonee sana. Kitu chenye maji baridi hutoa umande kwenye hewa yenye mvuke, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Hiyo ni sayansi. Lakini umande hukaa pande zote za kitu baridi, hauchagui kona moja ya chini, na haujazi beseni. Mwenye uzi, dimbwi lako liko kona gani? Kama ni mbele, chini kulia, na mashine yako ina kile kimlango kidogo hapo, weka uchungu pembeni ufungue chujio.

Chujio lina kosa moja ambalo kila mtu hulifanya. Unalisafisha vizuri, unatoa pini za nywele, kifungo na sarafu ya shilingi 5, halafu unalirudisha likiwa limepinda kidogo, nyuzi za kukazia hazikuingiliana sawa. Linakaza, unadhani limefunga, na kila mashine ikitoa maji linadondoka. Unalirudisha hivi: geuza KINYUME kwanza mpaka usikie nyuzi zimedondokea mahali pake, ndipo ukaze. Kabla ya hapo futa ile oringi nyeusi (pete ya raba) na mahali inapokalia. Unywele mmoja tu unatosha kupitisha maji. Weka karai la bapa chini kabla ya kufungua, kwa sababu litatoka maji ya kutosha kulowesha zulia.

Wosha_ya_Raba

Ni mbele chini kulia. Lakini hata kama ni chujio, mtu ananusaje maji halafu anasema jasho?

Daktari_wa_Pampu

Kwa hiyo raba ya mlango haikuwa na shida kabisa. Imepakwa silikoni bure.

Wosha_ya_Raba

Usinikumbushe.

Beringi_6205

Sasa hiyo raba itabidi ibadilishwe maana silikoni haitoki yote, na kioo cha mlango hakitaziba kwenye raba iliyojaa madonge. Kununua: beba namba kamili ya modeli, iko kwenye karatasi ndani ya ukingo wa mlango. Usiende maduka ya Luthuli kusema "nipe raba ya kilo 7", utapewa raba ya kilo 7 ya dunia nyingine.

Kuvaa: fungua mdomo wa raba, utaona waya wa duara wenye springi ndogo, kwa kawaida chini. Uchokonoe na bisibisi bapa hapo kwenye springi, utoke. Sukuma raba ndani. Klipu ya pili iko nyuma, imebana raba kwenye tangi la plastiki linaloizunguka ngoma, na kwa mashine nyingi huifikii mpaka utoe paneli ya mbele. Raba mpya ina alama ya pembetatu, hiyo ikae juu ilingane na alama ya tangi. Vitundu vya kutolea maji vikae CHINI kabisa. Ukivikosea, maji yatatuama kwenye mkunjo, yatanuka, na yatamwagika kila ukifungua mlango. Kulainisha tumia sabuni ya vyombo kidogo, usitumie oili wala grisi ya gari, inavimbisha raba.

Na kama baada ya yote hayo inavuja ikikamua tu, huku inavuma kama ndege inayoruka Wilson, shika ngoma kwa mkono uisukume juu na chini. Ikicheza, beringi (vyuma vinavyobeba ngoma ikizunguka) zimekwisha, na maji yalipitia sili yakaziua. Kutu ikichuruzika nyuma ya tangi ni ushahidi. Usibadilishe beringi bila sili. Sili ndiyo iliyoanza.

MamaFua_Milele

Mara beringi, mara sili, mara pembetatu iangalie juu. Nguo ni karai mbili na kamba.

Povu_Tu

Hakuna aliyeuliza sabuni. Mashine ya mlango wa mbele ikipewa sabuni ya unga ya kufua kwa mikono, povu linajaza ngoma, linapanda droo, linashuka mbele kama maji. Unakuta dimbwi na hakuna kilichoharibika. Jaribu mzunguko mmoja bila nguo na bila sabuni. Ukiona povu bado lipo, ni mabaki, rudia mpaka povu liishe. Halafu nunua iliyoandikwa ni ya mashine, na upunguze kipimo.

Na droo yenyewe itoeni muisugue na mswaki, pamoja na dari ya pale inapoingia. Kuna vitundu vya kunyunyizia maji hapo juu. Vikiziba na unga ulioganda, maji yanarushwa pembeni badala ya kuingia droo.

Nati_ya_Plastiki

Fundi wenu ananusa, sawa. Wetu ana ugonjwa wa thredi tepu, ule utepe mwembamba wa kuzungushia nyuzi za paipu. Nati ya paipu ya mashine, ile ya robo tatu inchi, haizibi kwa nyuzi! Inaziba kwa wosha ya raba iliyo ndani, inayobanwa bapa kwenye mdomo wa valvu. Yeye anazungusha tepu mara kumi, nati haifiki mwisho, wosha haibanwi, inavuja. Anaongeza tepu. Inavuja zaidi. Anachukua spana kubwa, nati ya plastiki inapasuka. Sasa anasema "paipu hii ni feki."

Toa tepu yote. Chungulia kama wosha ipo na haijakauka ikapasuka. Kaza kwa mkono mpaka ikatae, ongeza robo mzunguko, basi. Mtu akikuonyesha spana ya inchi 14 kwa nati ya plastiki, mfungulie mlango atoke.

Tangi_la_Juu

Na hakuna anayetaja presha. Nairobi yetu ya mgao wa maji kila mtu anaishi kwa tangi la paa. Kila mita 10 za kimo ni baa 1 ya presha. Mtu wa ghorofa ya mwisho ana tangi mita 2 au 3 juu ya mashine, hiyo ni baa 0.2 au 0.3, na mashine nyingi zinataka zaidi ya hapo. Valvu ya mashine ina ngozi ya raba inayosukumwa na maji yenyewe ili ifunge. Maji yakiwa dhaifu inafunga nusu, inapitisha kidogo kidogo usiku kucha, asubuhi ngoma ina maji. Chomoa plagi uangalie: kama maji bado yanaingia, kosa si la stima, ni valvu au presha.

Kabla ya kununua valvu, fungua paipu na uvute kile kichungio cha wavu kwa plaisi. Maji yakirudi baada ya mgao huja na tope. Osha, rudisha. KURUDISHA ndiyo muhimu. Kuna fundi (nyote mnamjua) anakitupa "ili maji yaje kwa nguvu", halafu chembe moja ya mchanga inakaa kwenye ngozi ya valvu na haifungi tena milele.

Wosha_ya_Raba

Ni huyuhuyu! Ndiye! Huyu ndiye wa jasho!

Barafu_Kidogo

Heri jasho. Kwa friji kila kitu ni gesi. Maji chini ya droo ya mboga? "Gesi imeisha." Gesi ya friji haidondoki maji, jameni! Friji nyingi zinazoyeyusha barafu zenyewe zina kitundu ukutani kwa nyuma, chini, maji ya barafu iliyoyeyuka hupitia hapo hadi kisahani juu ya kompresa. Punje ya wali au jani la sukuma likiziba, maji yanarudi ndani na kushuka hadi sakafuni. Zima friji, chukua sirinji isiyo na sindano, maji ya uvuguvugu, si ya kuchemka, sukuma taratibu mpaka usikie yanadondoka nyuma. Kusafisha kisahani ni hiari ila ukikinusa utaelewa.

Mzee_wa_Spana

Tumerudi kwenye kunusa.

Wosha_ya_Raba

Nimefungua chujio. Kuna kifungo, vijiti viwili vya kusafishia masikio, na kipande cha silikoni.

Mtungi_Lita20

Sawa sawa. Na dispensa ya maji, ile ya kugeuza mtungi, inayofurika yenyewe hakuna aliyeigusa? Watu wanabadilisha mifereji yake bure.

Barafu_Kidogo

Hiyo si mfereji, ni mtungi. Maji yanasimama kwa sababu hewa haiingii juu. Mtungi ukiwa na ufa hata mwembamba kama unywele, hewa inaingia, maji yanazidi kushuka, tangi dogo la ndani linajaa mpaka linafurika. Weka mtungi mwingine. Ikiacha, umepata mwizi wako.

Mtungi_Lita20

Nimebadilisha, imeacha. Ule wa kwanza una ufa karibu na shingo. Supagluu itashika?

Barafu_Kidogo

Ni maji ya kunywa, usipake gundi. Rudisha dukani wakubadilishie.

Mtungi_Lita20

Nilikuwa nishapaka.