Naomba ushauri: mama mkwe ana presha, na bila chumvi hali chakula

Habari zenu ndugu zangu. Nimeoa Ufilipino, tunaishi Iloilo na mama mkwe wangu wa miaka 74. Presha inampanda na daktari kasema apunguze chumvi. Hapo ndipo nilipokwama.

Asubuhi lazima ale wali na tuyo, samaki wadogo waliokaushwa kwa chumvi, akiwachovya kwenye siki yenye vitunguu saumu. Mchana wali tena, na pembeni kichupa cha patis, yale maji ya samaki waliochachushwa kwa chumvi. Anamimina hata kabla hajaonja. Juzi nilikificha. Hakusema neno, alikula vijiko viwili akasukuma sahani. Na mwaka huu amekonda, naogopa nikimnyima chumvi nitamnyima na chakula chenyewe.

Kinachonipa moyo ni tinola: mchuzi wa kuku wenye tangawizi, papai bichi na majani ya malunggay, ambayo ni mlonge wetu huu huu. Hiyo huwa anaimaliza. Matembele pia anakula vizuri.

Dawa anazipata kwa punguzo la asilimia 20, haki ya wazee wote wa huku kuanzia miaka 60, kwa hiyo mzigo wangu si dawa, ni meza.

Mliolea wazee wenye presha, mliwapunguziaje chumvi bila kuwavunja moyo? Ndimu na tangawizi zinatosha kuziba pengo? Na magego hana tena, nimpe nini laini cha kumrudishia mwili?