P NI YA PAMOJA??? Yule bwana wa seva leo kanivua nguo mchana kweupe

Wakuu, hata chai sijanywa. Naandika hii mikono inatetemeka.

Yule bwana mnamjua. Funguo za chumba cha seva kiunoni kama askari magereza, ukimwita anakwambia "zima, washa". Sasa wikendi kaoteshwa: herufi za draivu (zile C, D, P unazoziona kwenye kompyuta, kila moja na sehemu yake ya kuhifadhi mafaili) zifuate Kiswahili. Miaka yote P ilikuwa yangu binafsi, S ya ofisi nzima. Leo tumewasha mashine, hakuna tangazo wala nini, P imekuwa folda ya wote na S kaifanya ya Siri.

Mimi mkono ushazoea. Nimemaliza barua yangu ya kuomba kazi sehemu nyingine, nikaihifadhi P. Saa nne bosi kaifungua kikaoni, kwa projekta. "Natafuta mahali penye uongozi bora." Ukutani! Maandishi makubwa kama bango la kampeni!

Namgeukia yule bwana, ananijibu: "P ni ya Pamoja. Kwani ulitaka iwe ya Peke Yako?"

NDIYO! Na Peke Yangu si inaanza na P?! Kiswahili hakina Q wala X, si angejichukulia hizo? "Ya Peke Yako", mbele ya dada wa usafi, mbele ya mhasibu anayenidai. Nikifumba macho naisikia. Peke Yako!

Kobe Mzito: Unaomba kazi kwingine kwa kompyuta ya mwajiri, umeme wa mwajiri, halafu mwenye kosa ni herufi 😂

mama_leja: Wewe barua moja tu. Sisi uhasibu mafaili yote ya Excel yalikuwa yanavutiana namba kupitia S. Wakaigeuza Z, sasa kila ukifungua linauliza lijisasishe, ukikubali halioni kitu. Nilisema mapema tuandike jina la seva lenyewe, \\seva\uhasibu, herufi ziende zinakotaka. Nikaambiwa nina kiherehere.

Flashi Moto: Afadhali nyie. Kwetu E ni ya mtandao, nikichomeka flashi nayo inajipa E, haionekani. Nimenunua flashi tatu nikidhani mbovu.

Mzee wa Disketi: Mnaanzia C hata hamjui kwa nini. A na B zilikuwa za disketi. Enzi za Novell, ule mfumo wa zamani wa mtandao wa ofisi, draivu za mtandao zilianzia F na hakuna aliyelia.

Kobe Mzito: Mzee, enzi hizo hata sukari ya ofisi ilikuwa bure.

mama_leja: Sukari msinikumbushe. Kwetu imefungiwa kabatini, ufunguo anao dereva.

Mleta mada: Jamani turudi kwenye P. Kasema PEKE YAKO. Mbele ya dada wa usafi!

Flashi Moto: Dereva?? Akisafiri mnakunywaje? Kwetu majani ndiyo ya bure, maziwa unakuja nayo kwenye chupa ya maji.

mama_leja: Akisafiri tunakunywa ya rangi, chungu, na hapo mwezi ujao anaenda Dodoma wiki mbili.