Twiga zangu zinanunuliwa, mjuzi kasema ni sanaa ya airport, yaani ya kuuzia watalii tu. Nimsikilize nani?

brashi_kavu: Wakuu habari za jioni. Mimi nachora na nauza kwenye vibanda vya sanaa pale jirani na National Theatre, Kampala. Twiga wawili jua linazama, boda imebeba mikungu ya matoke, hizo ndizo zinalipa nyumba na karo, twiga moja 60,000 na siku nzuri zinatoka hata nne. Sasa mwezi jana nimepeleka kazi zangu kwa jamaa wa kuchagua picha za maonyesho, twiga kaiangalia sekunde tano akasema hii sanaa ya airport, akarudi kwenye simu yake. Lakini zile ninazoshona kwa lubugo, kitambaa cha gome la mti, akazishika, akageuza nyuma kuona uzi, akauliza nani kanifundisha. Banange, hizo lubugo ziko kibandani mwaka mzima sijauza hata moja! Mke wangu anasema wateja wameshapiga kura kwa pesa yao, huyo mjuzi analipa karo ya nani? Natakiwa kuchagua upande mmoja kabla ya Ijumaa.

mama_bombo: Msikilize mke wako. Mchoraji Tingatinga kule Dar alipaka rangi ya baiskeli juu ya ubao wa masonite, wasomi wakasema vitu vya watalii, amekufa 1972 na leo picha zake zinagombaniwa minadani Ulaya. Na Paris 1874 mwandishi mmoja wa gazeti alichukua jina la picha ya mchoraji Monet, Impression, akalifanya kichekesho, ndilo likabaki jina la kundi zima la wachoraji, Impressionists, mpaka leo.

kijana_wa_arua: Mama hiyo ya Monet kila mtu anaileta. Tunamkumbuka kwa sababu alishinda, wangapi walichekwa wakati uleule na kweli walikuwa wabovu, nani anawajua? Halafu lubugo si kitu cha kuchezea, UNESCO waliitangaza urithi wa utamaduni wa binadamu tangu 2005, twiga inapatikana kila kibanda mpaka Arusha.

mzee_vinyago: Ssebo mimi nimeuza vinyago miaka mingi hapohapo. Mtalii hachagui picha, anachagua mzigo. Hujamuona? Anashika turubai, anaikunja kidogo kwenye kona aone kama itaingia kwenye begi, ndio anauliza bei. Twiga yako inakunjika. Lubugo zako zina ukubwa gani, na umezipigilia kwenye nini?

brashi_kavu: Mita moja na nusu mzee, fremu ya mbao, 400,000.

mzee_vinyago: Sasa hapo nani amezikataa? Hawajaulizwa. Kata vipande saizi ya twiga, bila fremu, bei ileile ya twiga, weka mbele kabisa mwezi mmoja halafu uje utuambie watu wanapenda nini. Kwenye maonyesho peleka zile kubwa, kule hakuna begi.

brashi_kavu: Duh. Kuna Mzungu mmoja alisimama mbele ya lubugo karibu robo saa, akaipima kwa mikono hivi, akacheka, akaenda kununua twiga. Siku zote nilijua ananicheka mimi.

mama_bombo: Na zile sekunde tano za mjuzi kwa twiga je, hazikukuuma?

brashi_kavu: Ziliniuma lakini mama nisikufiche, twiga naichora huku naangalia mpira. Arsenal ikifungwa shingo inatoka fupi.