Habari ya posa: ipigiwe simu au iandikwe?

Mwana wa Mkomani: Assalaamu alaykum. Mdogo wangu aliyeko Mombasa amepata mchumba, akatuarifu sote kwa ujumbe mmoja wa maandishi. Ami yetu wa Faza amekasirika, akisema kwamba posa haitangazwi hivyo. Mdogo wangu naye anajitetea kwamba kumpigia mtu ghafla ni kumkatiza shughuli zake, ilhali ujumbe husomwa kwa nafasi. Nimetakiwa niwapatanishe. Je, ni mambo gani ya kupigia simu, na yapi ya kuandika?

Mvuvi wa Matondoni: Wa alaykumu ssalaam. Tukiwa mbali baharini, simu hukatika katikati ya neno, kwa sababu mazungumzo yanahitaji njia iliyo wazi pande zote mbili kwa muda wote mnaozungumza. Ujumbe mfupi huhifadhiwa katika mitambo ya kampuni, ukafikishwa pindi simu ya mpokeaji inapopata mtandao tena. Ndiyo maana mimi humwandikia mnunuzi wangu wa Mokowe: "Changu kilo 18, tewa kilo 6, tutafika baada ya laasiri, leta barafu." Akibisha uzani, maneno yapo. Pesa ni vivyo hivyo. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, nani hutoa mzigo kabla ya kuuona ujumbe wa uthibitisho? Lakini posa si kilo za samaki. Ami ana haki ya kuuliza mchumba ni wa nani, na kumwombea dua papo hapo. Kama kijana anachelea kumkatiza, aandike kwanza kumwomba nafasi, kisha apige.

Bi. Langoni: Nakubali, ila mmewasahau wazee wasiosoma herufi za Kirumi. Mama yangu alisoma chuoni, yaani madrasa ya Kurani, na hati ya Kiarabu huisoma bila taabu, lakini ujumbe wa herufi hizi humpa mjukuu amsomee, naye mjukuu huruka asiyoyataka. Nilijaribu kumwandikia Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ujumbe mmoja unaobeba herufi 160 za Kirumi hubeba 70 tu za Kiarabu, na salamu zetu, zinazoulizia nyumba nzima, huumaliza kabla haja haijatajwa. Siku hizi namtumia sauti kwa WhatsApp, huduma iliyoanza humo mwaka 2013. Huisikiliza atakavyo, kisha hunijibu akiwa jikoni, mbuzi ya nazi ikisikika nyuma yake. Msiba tu ndio sikubali uandikwe wala urekodiwe. Maziko yetu hayangoji; aliye kisiwani Pate anahitaji kujua mara moja ili awahi chombo, na ujumbe unaweza kukaa bila kusomwa hadi watu wamerudi makaburini.

Kijana wa Shela: Wazee nao wana lao. Nikiwa kazini, mbele ya wageni, hupigiwa mara tano mfululizo nikidhani kuna ajali, kumbe naulizwa bei ya unga. Hilo lingeandikwa.

Mwana wa Mkomani: Shukrani nyote. Mdogo wangu amekubali kupiga leo baada ya isha. Ila tuna shangazi Siyu, mkubwa kuliko ami, naye hajalalamika bado. Nani apigiwe kwanza?

Bi. Langoni: Shangazi, na kabla ya isha.