Mliofungia gari keria (fremu ya mizigo juu ya paa) ya fundi wa mtaani, tupeane uzoefu

Mwenye uzi (Mbeya)
Wakuu, habari za muda huu. Nina Land Cruiser hardtop ya zamani, ile yenye mfereji wa mvua pembeni mwa paa. Keria ya kutoka nje bei yake unauza ng'ombe, kwa hiyo nimemwendea fundi wa kuchomelea hapa Mwanjelwa. Ubishi wetu ni mmoja: yeye anataka skwepaipu (bomba la pembe nne) ya unene wa milimita 3 "ili isipinde". Nimepiga hesabu. Paipu nne za mita 6, za 25 kwa 25, unene milimita 1.5, zina kilo kama 26. Za milimita 3 zinafika 50. Hizo ni kilo za keria tupu, hujapandisha hata dumu. Mliofanya, semeni ukweli.

Mzee wa Tungamalenga
Kamwene wakuu. Bomba halina shida, angalia miguu. Njia ya kwenda Ruaha ikikauka inakuwa mawimbi matupu, gari linatetemeka mpaka meno. Hapo keria haivunjiki katikati, inalegea kwenye vibano. Yangu ina miguu minane, minne kila upande. Kila mguu ni flatibaa (chuma bapa) ya milimita 5, imekunjwa chini ikashika mfereji kwa ndani, halafu kipande cha pili kinabana kwa nje kwa bolti mbili namba 13. Nati ziwe zile zenye nailoni ndani, za kawaida zitakuaga njiani. Katikati ya chuma na mfereji nimeweka mpira wa tairi. Ukishafunga, tembea kidogo, rudi na spana ukaze upya, maana mpira unabonyea, bolti zinalegea.

Na fundi akikwambia achomelee miguu moja kwa moja kwenye paa, kataa. Lile bati ni jembamba, rangi ya ndani inaungua usiione, kutu inaanzia humo humo.

Difu Loki
Naongezea. Kazi ya kuchomelea ifanyike keria ikiwa chini. Ikilazimu kugusa gari, chomoa terminali za betri kwanza. Umeme wa kuchomelea unaunguza altaneta, hauna huruma.

Dada wa Matamba
Mwenye uzi, unabeba nini? Hujasema, na ndilo swali. Mimi napanda na kushuka kona 57 za mlima wa Chimala, napeleka viazi. Nikiweka magunia juu, gari kwenye kona linalala upande wa bonde, hata utembee taratibu vipi. Siku hizi viazi vinakaa ndani, chini kabisa, karibu na ekseli. Juu napandisha magodoro, matenga matupu, na turubai. Spea taya nayo niliishusha, ile kitu ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Tatizo ni majirani: wakiona keria wanaona Fuso. "Dada, kagunia kamoja tu." Kagunia kenyewe lumbesa, limejazwa kupita mdomo!

Mwenye uzi
Dada yangu, maturubai, hema na madumu mawili ya dizeli. Tunapanda Kitulo na wageni.

Dada wa Matamba
Dumu la lita 20 likijaa dizeli ni kama kilo 17, bado dumu lenyewe. Yaweke katikati, yafungwe kwa mkanda wa lori, usiyaweke nyuma kabisa.

Mvua ya Tukuyu
Huku kwetu adui ni maji. Ziba ncha zote za paipu, halafu toboa kitundu kidogo upande wa chini, mvuke ukigeuka maji upate pa kutokea. Kitundu kisielekee mbele, kitapiga filimbi hadi Uyole. Kabla ya rangi piga redoksaidi (rangi ya kuzuia kutu) mara mbili, na kwenye maungio usisubiri kesho, kutu ya hapa haijui kulala. Kama paipu ni ya mabati, sugua ile zinki kwa grenda kwanza. Moshi wake ukiuvuta, jioni unatetemeka kama una malaria.

Mwenye uzi
Ahsanteni sana wakuu. Nimemwonesha fundi uzi wote. Milimita 1.5 amekubali kwa shingo upande, ila miguu minane anasema ni bei nyingine. Kesho tunakata.