Mafundi wa oveni mtatuua! Mmoja kaongeza breka, mwingine kakata waya wa ethi

Wakuu, salamu baadaye, kwanza niteme nyongo.

Naoka keki za oda nyumbani, huku Tabata. Oveni yangu ni ya umeme, zile za kuingizwa kwenye kabati, na ikiwaka kwa nguvu zake zote inakula kama wati 2,400. Imenilisha miaka minne bila matata. Mwezi uliopita ikaanza vituko: naweka keki, zinapita dakika kumi hivi, nyumba nzima giza. Hadi friji, hadi taa za sebuleni. Nikiiacha ipoe, umeme unakubali kurudi. Nikiwasha tena oveni, dakika kumi, giza.

Mimi si fundi ila macho ninayo. Nilishaona kwamba nikioka kwa moto wa chini peke yake haikati hata nikikaa nayo saa mbili. Nikigeuza swichi kwenye alama ya feni ndipo balaa linapoanza. Maneno haya nilimwambia kila fundi aliyekanyaga jikoni kwangu. Walikuwa wanaitikia "sawa dada" huku mkono uko kwenye bisibisi tayari.

Wa kwanza akaangalia boksi la breka sekunde tano. "Dada, breka yako ya 20 ni ndogo, imezidiwa." Akaweka ya 32. Elfu 30. Hesabu ya darasa la saba wakuu: wati 2,400 gawanya kwa volti 230, unapata ampea kumi na kidogo. Breka ya 20 inazidiwa na nini hapo? Halafu waya uliopita ukutani ni wa milimita za mraba 2.5, na ile 20 ndiyo iliyokuwa inaulinda. Ukiweka 32, siku ya hitilafu ya kweli waya unachemka ndani ya plasta na breka inatazama tu. Na bado jioni ile ile giza likarudi.

Wa pili akasema themostati imekufa. Akanunua, akafunga, akachukua 85,000 pamoja na ufundi. Ile ya zamani akaitia mfukoni, "nakutupia dada". Kesho yake nina keki ya sendoff ya ngazi tatu, mayai 18 yameshaingia kwenye unga. Ngazi ya kwanza ndiyo kwanza imeanza kuumuka, umeme ukakata. Mnaoka mnajua. Ilishuka katikati ikawa kama sahani ya supu. Nikampigia, hapokei.

Wa tatu ndiye aliyenileta hapa. Huyu hata oveni hakuifungua. Alifungua plagi, akachezea nyaya humo, akafunga. "Washa." Nikawasha, nusu saa, saa nzima, haikati! Nikamlipa 15,000 na soda juu. Siku ya tatu nipo pekupeku kwenye sakafu ya saruji, mkono una maji, nimeshika mpini wa mlango wa oveni. Nilitetemeka hadi kwenye kiwiko. Huyu bwana alikuwa ameukata waya wa ethi, ule wa kijani na njano, akausokota na selotepu. Umeme uliokuwa unavuja kwenye bati ukakosa pa kwenda, ukanisubiri mimi. Nina mtoto wa miaka sita anayependa kuchungulia keki kwenye kioo cha mlango ule ule. Mnielewe hasira yangu inatoka wapi.

Wa nne ni kijana aliyesoma VETA, jirani alinipa namba yake. Kabla ya kutoa chombo chochote aliuliza, "Dada, kati ya hizi swichi, inayoshuka ni ipi?" Nikamwonyesha ile pana yenye kitufe cha kujaribia. Akacheka. Kumbe hiyo ni RCD, haihusiani na mzigo kuwa mkubwa. Inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, tofauti ikifika miliampea 30 inakata, maana yake kuna mahali unavujia. Hiyo breka ndogo iliyobadilishwa kwa elfu 30 haikuwahi kushuka hata mara moja!

Akachomoa oveni, akafungua bati la nyuma, akatoa nyaya za elementi zote, zile koili zinazotoa moto, akaanza kupima moja moja kati ya ncha yake na bodi ya oveni. Kwa multimita ya kawaida elementi zote zilionekana nzima, hata ile ya duara inayozunguka feni ilisoma omu 26 ncha kwa ncha, sawasawa na wati 2,000 zake. Akaniambia multimita inasukuma volti chache tu, haioni mvujo mdogo. Akatoa mega, kipimo cha kuona kama umeme unavuja, ile ya volti 500. Ya chini, zaidi ya megaomu 200. Ya juu, vivyo hivyo. Ya feni, 0.2, yaani hapo ndipo unapovujia. Nayo ni baridi bado. Ikipata moto kizio cha ndani, kile kinachozuia umeme usitoke kwenye bati, kinazidi kulegea, ndiyo maana ya zile dakika kumi. Akanimulikia tochi: karibu na kishikizo kuna ufa mwembamba kama unywele, na unga mweupe umechungulia.

Elementi mpya 38,000, ufundi 20,000. Akarudisha ethi, akarudisha breka ya 20. Wiki ya tatu sasa naoka kwa feni, kimya.

Hao watatu wa mwanzo walinila 130,000 na hakuna aliyepima kitu chochote. Wenzangu mnaooka, fundi akija aonyeshwe kwanza swichi inayoshuka, na aulizwe kama ana mega. Akisema haina haja, mpe maji ya kunywa aende zake. Akigusa waya wa kijani na njano kwa mkasi, mfukuze hata hayo maji asinywe.

Na wewe wa pili, najua upo humu maana namba yako niliitoa humu humu. Themostati yangu ya zamani ilikuwa nzima. Irudishe.