Bakteria wangu wanakuwa wekundu hata gizani. Nimekosea wapi?

Nyar_Nam (Kisumu)

Hamjambo wanajukwaa. Naomba msaada kabla sijaonana na msimamizi wangu Jumatatu, maana zimebaki wiki tatu na matokeo yangu hayana kichwa wala miguu.

Nasomea shahada ya uzamili hapa Kisumu. Natumia bakteria wa E. coli waliowekewa plasmidi (kipande kidogo cha DNA chenye umbo la duara) iitwayo pDawn. Kwa wasioifahamu: ina jeni la protini inayohisi mwanga wa buluu, na mimi nimeiunganisha na jeni la DsRed, protini nyekundu. Bakteria wakipigwa na mwanga wa buluu wanatakiwa watengeneze DsRed, makoloni yawe mekundu. Wakikaa gizani wabaki na rangi yao ya uji. Walioitengeneza plasmidi hiyo, mwaka 2012, walipata tofauti ya hadi mara 460 kati ya giza na mwanga. Mimi ukinichanganyia sahani mbili, siwezi kukuambia ipi ilikuwa wapi. Zote pinki.

Ninavyofanya: sahani za mwanga ziko chini ya taa za LED za buluu, zile za mkanda wanazopambia matatu. Nilizinunua soko la Kibuye. Ziko kama sentimita 10 juu ya sahani. Sahani za giza nimezifunga karatasi ya foili, safu moja, zikakaa rafu ya chini ya inkubeta hiyohiyo, nyuzi 37. Kila baada ya saa mbili hivi nafungua foili, nachungulia kwa tochi ya simu sekunde chache tu, nafunga.

Halafu kuna jambo la pili. Kwenye sahani za mwanga, katikati pale chini ya taa, hakujaota kitu. Duara tupu. Wameota pembeni tu.

Je, taa za matatu ndizo mbaya? Au plasmidi imeharibika? Na kwa kuwa maabara inafungwa saa kumi na moja jioni, nimefikiria kuzihamishia sahani hosteli nizifuatilie usiku. Mnaonaje?

Mkosoaji_Busia

Bakteria hana macho, dada. Hizo taa zina joto. Ulichopima ni joto, basi.

Mwalimu_Mstaafu (Kakamega)

Nianze na la hosteli kabla watu hawajazama kwenye sayansi: usithubutu, binti yangu. Hao ni viumbe waliobadilishwa vinasaba, tena wamebeba jeni la kuhimili dawa. Tangu Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009 kazi za namna hii zinafanyika ndani ya maabara iliyoidhinishwa, na sahani hazitoki mpaka zimechemshwa kwenye otoklevu, ile mashine ya mvuke wa kuua vijidudu. Mwenzako wa chumba akiziona atadhani ni mtindi umechacha. Omba ruhusa ya kubaki usiku, au panga saa zako upya.

Mengine nawaachia vijana.

Fundi_Kondele

Mimi si mtu wa bakteria, nafunga taa za matatu na tuktuk. Hizo LED za buluu za mkanda kwa kawaida hutoa mwanga wa nanomita 460 hadi 470 (ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, ndicho kinachoamua rangi). Kama protini yako inataka buluu, buluu ndiyo hiyo, taa usizilaumu.

Lakini nimesoma hapo kuhusu tochi nikacheka. Dada, zima tochi ya simu uitazame kwa karibu. Unaona kile kitone cha njano? Ile ni poda. Chini yake kuna LED ya buluu. LED nyeupe karibu zote zimejengwa hivyo: chipu ya buluu imepakwa poda ya njano, buluu na njano zikichanganyika jicho linaona nyeupe. Wajapani waliofanikisha LED ya buluu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Nobel ya fizikia 2014 kwa sababu bila hiyo buluu, taa hizi nyeupe za bei nafuu zisingekuwepo.

Kwa hiyo tochi yako ni taa ya buluu iliyovaa shati la njano. Kila ukichungulia umewawashia.

Nyar_Nam

Mungu wangu. Lakini Fundi, ni sekunde tano tu!

Chai_na_Protini (Maseno)

Sekunde tano si kidogo kwa protini hii, ngoja nikueleze kwa nini, kwani hapa ndipo tatizo lako lilipolala.

Kihisi kilichomo kwenye pDawn kinaitwa YF1. Hakipo porini, kilibuniwa. Sehemu ya mbele imekatwa kutoka YtvA, protini ya Bacillus subtilis, bakteria wa kawaida wa udongoni ambao hata kwenye shamba la kwenu lazima wapo. Sehemu ya nyuma ni ya FixL, protini kutoka kwa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya soya. Ile ya mbele ndiyo inayopokea mwanga, nayo ni ya jamii inayoitwa LOV. Ndani yake imekumbatia molekuli ya flavini, FMN, ambayo mwili huitengeneza kutokana na vitamini B2. E. coli wanajitengenezea wenyewe, ndiyo maana hukuhitaji kuwaongezea chochote.

Mkosoaji ana haki, bakteria hana macho. Ana hiyo flavini. Rangi yake ni ya njano, na kitu cha njano ni njano kwa sababu kinameza buluu. Hii inameza zaidi karibu na nanomita 450. Ikimeza chembe moja ya mwanga inachangamka, na ndani ya sehemu ya milioni ya sekunde hivi inashikana na asidi-amino ya sisteini iliyo jirani yake, namba 62 kwenye YtvA. Ni muungano wa kweli wa kikemia, salfa ya sisteini imeng'ang'ania flavini. Hapo njano inafifia, umbo la protini linajipinda kidogo, na mpindo huo unasafiri mpaka nyuma kwenye FixL.

Gizani, mkia huo wa FixL unafanya kazi ya kumbandika fosfeti (kikundi kidogo cha kemikali) protini mwenzake aitwaye FixJ. FixJ mwenye fosfeti anawasha jeni la mlinzi, na mlinzi anakaa mlangoni kwa DsRed kuzuia. Mwanga ukiingia, YF1 inageuka: badala ya kubandika fosfeti inabandua. Mlinzi anakosa mshahara, anaondoka, DsRed inatengenezwa.

Sasa swali ni: ule muungano wa sisteini na flavini unaachia baada ya muda gani? Kwa YF1, kwenye joto la kawaida la chumba, unachukua zaidi ya saa moja! Kwenye nyuzi 37 ni haraka zaidi, lakini bado ni dakika nyingi. Wewe umechungulia kila saa mbili. Bakteria wako hawakuwahi kulala. Ni kama mtoto unayemwamsha kila anapopitiwa na usingizi kumuuliza kama amelala.

Na kuna ubaya mwingine: DsRed ikishatengenezwa haiondoki kwa sababu umezima taa. Ni protini ngumu, inabaki ndani ya seli. Kila ulipochungulia uliongeza wekundu juu ya wekundu.

Nyar_Nam

Nimesoma hii mara tatu. Nimechungulia mara sita kwa siku, siku mbili. Naona aibu.

Mkosoaji_Busia

Sawa, nimeelewa la tochi. Bado sijajibiwa la joto. Duara tupu katikati ni nini kama si kuungua?

Nesi_Zamu_ya_Usiku (Kisumu)

Naomba nichangie kutoka wodini. Watoto wachanga wenye manjano tunawaweka chini ya mwanga wa buluu, nanomita 460 hadi 490. Bilirubini, ile rangi ya njano iliyo kwenye damu yao, inameza mwanga huo, inabadilika umbo, inakuwa rahisi kutoka mwilini. Mnaona inavyofanana na habari ya protini? Molekuli ya njano, mwanga wa buluu, umbo linabadilika. Bila kumbandika mtoto dawa yoyote.

Jambo tunalofundishwa mapema ni umbali wa taa. Ukiisogeza karibu nguvu inaongezeka kwa kasi, ukiiweka mbali unampotezea mtoto muda, na kila mara tunapima joto la mtoto na kuangalia asikaukiwe maji. Sahani yako kwa sentimita 10, saa 24, sishangai katikati imelia. Umeweka hata kipimajoto pale?

Chai_na_Protini (Maseno)

Nesi amesema vizuri. Mkosoaji naye apewe nusu ya maksi, joto na ukavu wa agari (ile jeli ya kwenye sahani) vinaweza kuchangia. Lakini buluu kali ina madhara yake hata bila joto. Chakula chako cha LB kina dondoo la hamira, ambalo limejaa vitamini B2. Mwanga ukiipiga B2 iliyo wazi kwenye chakula, oksijeni inageuka kuwa haidrojeni peroksaidi, ileile ya kusafishia vidonda. Mwanga huharibu kemikali nyingine pia, ndiyo sababu hospitalini na maabara nyingi hukaa kwenye chupa za kahawia.

Namna ya kumaliza ubishi: panda E. coli wasio na plasmidi, kwenye sahani isiyo na dawa, uwaweke palepale chini ya taa. Wakifa katikati nao, jeni lako halina hatia. Kisha weka sahani nyingine ya pDawn chini ya LED nyekundu umbali uleule. LOV haimezi nyekundu kabisa. Ikipata joto sawa na isiwe pinki, Mkosoaji atatununulia chai.

Mkosoaji_Busia

Nitanunua. Bila mandazi.

Chumvi_Nakuru

Naingia kwa mlango wa nyuma. Sisi wa maziwa ya magadi tuna ugonjwa wa kupenda bakteria wa rangi. Kuna mmoja anaitwa Halorhodospira halophila, anaishi kwenye maji ya chumvi kali, na ndani yake mwaka 1985 ilipatikana protini ndogo ya njano, PYP, ya asidi-amino 125. PYP yeye hatumii flavini. Amebeba molekuli ya asidi ya kumariki, na kilele chake cha kumeza mwanga ni nanomita 446. Mwanga ukimpiga, mkia wa molekuli hiyo unageuka upande, kama kiwiko kinachokunjwa, na chini ya sekunde moja hivi amerudi alivyokuwa. Linganisha na YF1 yenu ya saa nzima!

Na bakteria huyo anaogopa buluu. Akiingia kwenye mwanga huo anageuza na kuogelea kurudi. Infraredi, mwanga ulio ng'ambo ya nyekundu, anaipenda kwa sababu ndiyo inayompa nishati.

Halijibu swali la dada, najua. Ila mtu akitaka kihisi kinachosahau haraka, ajue kipo.

Mwalimu_Mstaafu (Kakamega)

Chumvi, asante, hilo sikulijua. Na kuna Brucella abortus, bakteria wa brusela, homa inayoambukizwa kwa maziwa mabichi. Utafiti wa 2007 ulionyesha naye ana LOV, na akipigwa mwanga anaongezeka ukali ndani ya seli za kinga. Mdudu anayeishi ndani ya ng'ombe gizani, mwanga anauona akitoka tu. Chemsheni maziwa.

Jadunga

Mimi ni mvuvi wa omena, dagaa tunaowavuta usiku kwa taa; mtoto wangu ndiye kanisomea huu uzi. Binti, usiku wa mbalamwezi sisi tunabaki nyumbani kushona nyavu. Si kwamba taa yetu imeharibika. Mwanga umetapakaa ziwa zima, omena hana sababu ya kuja kwenye taa yangu. Unatafuta kasoro kwenye taa, na huku mwezi uko juu ya kichwa chako.

Chai_na_Protini (Maseno)

Jadunga ameniokolea aya nne.

Nyar_Nam, fanya hivi. Foili safu mbili, sahani ndani ya boksi, boksi ndani ya inkubeta tofauti na ile yenye taa. Foili moja hutoboka kwenye mikunjo bila kuona. Angalia kama inkubeta ina taa ya ndani au mlango wa kioo. Zima taa za chumba unapopanda, tumia nyekundu. Sahani za giza zifunguliwe MARA MOJA, mwisho. Taa ya buluu ipandishe mpaka sentimita 30 au zaidi, na utandaze karatasi nyeupe ya kuchapia kati ya taa na sahani ili mwanga usambae.

Nyar_Nam

Nimerudi wakuu, siku nne baadaye. Nilipata ruhusa ya kubaki mpaka saa tatu usiku, hosteli sikwenda.

Mkosoaji ataniuliza mambo ya joto kwanza: kipimajoto kilisoma nyuzi 43 katikati, taa ikiwa sentimita 10. Kwa hiyo hakuwa amekosea. Nilipoipandisha hadi 35 na karatasi nyeupe, kilirudi 37 na duara likajaa. E. coli wasio na plasmidi, kwa taa ya karibu, walikufa katikati vilevile. Chini ya LED nyekundu: rangi ya uji.

Sahani za giza zilikuwa nne. Tatu zimetoka rangi ya uji kabisa, nilitaka kulia. Za buluu ni nyekundu kama nyanya zilizoiva. Bado sijapima kwa mashine, hiyo 460 sitegemei kuifikia, lakini sasa hata mtoto anazitofautisha.

Ya nne ndiyo nataka muione. Yote ni rangi ya uji, isipokuwa pembeni kuna alama nyekundu nyembamba, imepinda kama mwezi wa siku tatu. Nikachukua ile foili kutoka kwenye pipa, nikaikunjua, nikaiinua kuelekea dirishani. Palipokunjwa pamechanika, umbo lilelile.

Mkosoaji_Busia

Tuma picha.

Nyar_Nam

Msimamizi ameichukua. Amesema hiyo ndiyo ataweka kwenye ukurasa wa kwanza.

Jadunga

Mwambie mwezi nilimtaja mimi.